Duara la Daktari Brandvold

"Kahawa! Tena na donati!" Daktari Tyler Brandvold aliikamata birika hata kabla hajavua koti. "Mama zangu, na mimba zenu hizo, mnataka kuniua?"

Wanawake tisa walioketi kwa duara walimtazama. Hakuna aliyecheka. Brandvold hakujali, aliibeba birika mpaka dirishani, akaiacha ipoe kando ya kioo kilichoganda barafu, kisha akarudi kuketi kwenye kiti cha kumi.

"Wewe ndiye daktari tuliyeahidiwa?" aliuliza Noreen, mama wa makamo aliyekaa karibu na mlango.

"Ndiye mimi. Ila humu hakuna cha daktari, mama. Humu sote sawa." Maneno hayo alikuwa akiyakariri tangu Jumapili.

Alikuwa na sababu. Pale hospitalini Duluth, Marekani, mwaka wa pili wa mafunzo haukamiliki mpaka daktari aweze kuongoza kliniki ya wajawazito ya kikundi. Kina mama wanaketi pamoja, wanajipima presha wenyewe, wanaulizana na kujibiana, na daktari, jambo geni kabisa kwake, anafunga mdomo. Brandvold alikuwa ameshafeli mara mbili. Mara ya pili alihutubia dakika arobaini na moja mfululizo, mjamzito mmoja akapitiwa na usingizi, akakoroma.

"Masikio yako yako likizo, Brandvold," msimamizi wake, Daktari Okerlund, alimwambia siku ile. "Alhamisi nakupa nafasi ya mwisho. Ukivurunda, unarudia mwaka."

Kurudia mwaka maana yake ile kazi aliyoahidiwa katika hospitali ya Rochester inakwenda kwa mwingine. Na mama yake alishaitangaza kwa kanisa zima.

Ndiyo maana leo alifika mbio. Dada wa mapokezi alipoanza, "Duara liko kushoto, Daktari, ila leo kuna—" Brandvold alikuwa ameshakata kushoto. Chumbani hakumkuta Okerlund. Afadhali, alijisemea, atakuja akute mambo yamepamba moto.

"Tuanze," alisema. "Hiki ni kikao cha kwanza, matumbo bado hayajajitokeza, msiwe na wasiwasi. Mtoto yumo, anakua."

Mwanamke kijana aliyevaa sweta la kijivu aliinamisha kichwa. Noreen alimshika mkono.

"Daktari, samahani, nadhani—"

"Maswali yana wakati wake, mama."

Lakini hakutaka kuonekana mtu asiye na masikio. Akauliza, kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, "Niambieni, kitu gani kinawatia hofu zaidi?"

Sheria ya mafunzo ni kwamba ukishauliza, unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Brandvold alihesabu. Alipofika tatu akatambua kwamba maskini hawa hawana la kusema, akaamua kuwajibia. Akamwaga maelezo ya kichefuchefu, kiungulia, kulala kwa ubavu, vidonge vya kuongeza damu. Akawaambia mtoto sasa hivi anaota kucha. Akawashauri wachague jina mapema na wapake chumba rangi kabla tumbo halijawa zito.

Mwanamke mmoja aliinuka akatoka mbio, kiganja kimeziba mdomo.

"Mmeona? Kichefuchefu hicho," Brandvold aliwaeleza waliobaki. "Dalili nzuri sana."

Yule wa sweta la kijivu sasa alikuwa analia, machozi yakimchuruzika bila sauti. Daktari alitazama huku na huku, akakuta maboksi matatu ya tishu katikati ya duara. Akafurahi kuona kliniki imejiandaa, akamsogezea moja.

"Homoni hizo, dada. Usione haya. Leo unalia, mtoto akishakuja utacheka mpaka mbavu ziume."

"Daktari!" Noreen alikuwa amesimama. "Naomba neno moja tu. Moja."

"Keti, mama yangu. Miguu itavimba."

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Okerlund, kwa mara ya tatu. Brandvold aliizima kwa heshima ya kina mama, na akajisifu moyoni kwa adabu hiyo. Bila shaka bibi yule alikuwa akitafuta kisingizio cha kuchelewa.

Alipomaliza kueleza faida za maziwa ya mama alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na sita! Alikuwa amepunguza dakika kumi na tano nzima kutoka zile arobaini na moja. Kama angekuwa peke yake angejipigia makofi. Kilichobaki ni kuwapa kina mama uwanja, ili Okerlund akifungua mlango akute wao ndio wanaozungumza na yeye kanyamaza, na fomu yake ya kufaulu isainiwe.

"Haya, sasa ni zamu yenu," alisema. "Tuzunguke duara. Kila mmoja ataje jina lake na tarehe yake ya kujifungua. Tuanze na dada yetu wa machozi."

Akaegemea kiti, akaunganisha vidole, akafunga mdomo. Sasa alikuwa anasikiliza kwelikweli.

Yule mwanamke alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Naitwa Ashlyn," alisema. "Tarehe yangu ni leo. Nilimzika Novemba. Humu sote tumezika, Daktari. Wajawazito wako chumba cha pili."