Tarehe ya Machi

Kila asubuhi mhasibu wa kampuni ya bima ya maisha hufuta miwani kwa ncha ya mtandio kabla ya kuwasha kompyuta. Leo hakuifikisha puani. Mkuu wake aliweka karatasi mezani.

"Mwanangu, tia sahihi hapo. Tarehe nimeshaandika."

Ilikuwa barua ya kueleza kwamba mkataba walionunua Machi ni wa kukinga akiba za wateja riba ikishuka. Kanuni inataka iandikwe siku ileile ya kununua. Bila hiyo, mkataba ukipoteza thamani, hasara yote hula faida ya mwaka huu, na aliyesahau hutafutwa. Machi ile mkuu huyo, mzee wa watu, alikuwa akishinda hospitali na mkewe mgonjwa. Sasa amebakiza miezi miwili astaafu.

Wino wa tarehe hiyo ya Machi ulikuwa bado mbichi, umemchafua mzee kidole gumba.

"Wakaguzi hawana pua za kunusa wino," mzee alisema, akijaribu kucheka.

Mhasibu alishika kalamu. Mkono ulimlemea kama wa mtu aliyelima kutwa. Akairudisha mezani.

"Baba, siwezi. Machi hukuandika. Nilijua, nikaona haya kukukumbusha."