Mhesabu Kamba wa Kijitoni

Msinibishie. Nilikuwepo mimi mwenyewe, miguu majini, siku Kaa alipowafundisha wanyama waliojitolea kupima afya ya kijito chao.

"Geuza jiwe, hesabu kamba walio chini yake, kisha rudisha jiwe," alisema. "Kamba wakiwa wengi, maji ni mazima. Wakiisha, maji yameharibika, na sote tuhame."

"Hiyo kazi niachie mimi, Mwalimu," Bata akajigamba. "Kuhesabu nimezaliwa nako."

Jumatatu akatangaza kamba ishirini. Jumanne, tisa. Jumatano akaja mbio, pumzi juu juu. "Hakuna hata mmoja! Kijito kimekufa! Hameni!"

Mama Chura, mayai yamemjaa tumboni, akaangua kilio. Kijito cha pili kilikuwa mbali, na njia ya kwendea ilipita mlangoni kwa Nyoka.

Kaa akakitazama kitambi cha Bata, kilichokuwa kikiburuzika chini. "Hebu nieleze, mwanangu. Kamba ukishamhesabu, unamweka wapi?"

"Tumboni, Mwalimu. Nisije nikamhesabu mara mbili."

Kaa akashusha pumzi. "Basi kijito hakina ugonjwa. Kina wewe."

Mama Chura akafuta machozi. "Mimi nabaki hapa hapa. Ila mayai yangu, tafadhali, huyu asiyahesabu!"

Hayo yote ni kweli tupu. Nimeongeza kitu kimoja tu, nacho ni Bata. Pale hapakuwa na bata. Mwanafunzi yule nilikuwa mimi, na kamba wale, jamani, walikosa ndimu tu.