Bunduki ya Nyati

Nyamizi aliingia dukani kwa muuza bunduki akiwa bado amejifunga kaniki ya msiba. Alitaka silaha ya kumwulia nyati aliyemkanyaga mumewe, na pole za watu zilikuwa zimemchosha.

"Hii ya risasi nyembamba ni ya swala," muuzaji alisema. "Bei nafuu, na haipigi teke. Lakini nyati, mama, utamtekenya tu. Chukua hii. Risasi yake nene kama dole gumba. Ni ghali, itakuumiza bega, ila nyati akipigwa hainuki."

Nyamizi aliinyanyua ile nzito, akalenga ukutani, akaridhika.

"Kama bei inakushinda, ipo hii kuukuu," muuzaji akaendelea. "Nayo ni ya swala, ila haikosei shabaha."

Kitako cha bunduki hiyo kilikuwa kimevikwa ngozi ya kenge. Nyamizi akaipapasa. Mishono ile aliishona mwenyewe, ngozi ikiwa mbichi, ili ikikauka ibane. Kasubi, aliyekuwa na mumewe porini siku ile, aliapa msibani kwamba bunduki ya marehemu ilizama mtoni.

"Nani kaileta?"

"Kasubi. Kasema ameacha kuwinda."

Nyamizi akairudisha ile nzito mezani.

"Nipe hii."

"Mama, nimekwambia, hii haimwezi nyati!"

"Nyati nimemsamehe."

Alisimama mlangoni akiwa ameishika. Ng'ambo ya barabara, Kasubi alikuwa kwa kinyozi, ameegemea kiti, amefumba macho, shingo ameiinua wembe upite.