Maoni Yangu Yako Mtandaoni

Siku hizi mtu haulizwi maoni yake, yanatafutwa. Kisheria jibu la mtandao ndilo lako, hata kama umeketi palepale ukisema vingine. Na mimi, mjinga, niliandika mno! Miaka nenda rudi nilijaza tovuti yangu hasira: kivinjari kipya cha intaneti ni takataka, programu ya zamani siiachi ng'o, injini za utafutaji ni waongo wakubwa.

Leo asubuhi mke wangu alikuwa akifunga mizigo. Binti yetu Sauda amejifungua, anatuita Tanga tukaishi naye.

"Na mimi nakuja," nikasema.

Akaiuliza simu kwanza. "Mume wangu anataka kuhama?"

"Hapana," ikajibu, kwa sauti yangu ya ujanani. "Anachukia kila kitu kipya."

"Yale yalikuwa mambo ya vivinjari, mama Sauda! Nakuja!"

Nikafungua tovuti yangu nirekebishe. Ikanikatalia: maandishi haya hayafanani na ya mwenyewe.

Mke wangu akanishika bega, machozi yakimlengalenga.

"Basi, baba Sauda," akasema. "Ningefurahi sana kama ungetaka kuja."