Koti la Kifungo Chekundu

Hamdani alijibanza nyuma ya choo cha ofisi ile, shati limemganda mgongoni, akimsubiri rafiki yake Gaudensi atoke kwenye usaili na koti.

Koti lenyewe lilikuwa moja tu, la kahawia. Walichangiana kulinunua kwenye mitumba walipomaliza chuo, wakawa wanalivaa kwa zamu kila mmoja anapoitwa kuomba kazi. Kifungo cha juu kilipodondoka, mama yake Hamdani alishona chekundu alichokuwa nacho. Miaka yote hiyo koti halikuwahi kuwagombanisha. Leo wameitwa wote wawili, asubuhi moja, kwa nafasi moja.

Gaudensi akatokea mbio, anavua huku anakuja.

"Vaa, ndugu yangu, vaa! Anayefuata ni wewe."

Hamdani akapenyeza mkono wa kwanza. Kwapani kumelowa jasho la mwenzake, bado lina joto.

"Wameuliza nini?"

Gaudensi hakumtazama usoni. "Wamelisifu koti."

"Wamefanyaje?"

"Yule mama aliyekaa katikati ya wasaili. Kifungo kimemkosha, anasema kijana mbunifu huonekana hata kwa mavazi. Nikamwambia..." Akakigusa kile kifungo. "Nikamwambia nimekishona mwenyewe."

Sauti ya karani ikapenya dirishani. "Hamdani Shomvi! Yupo, hayupo?"

"Nipo!"

Mkono mmoja ulikuwa ndani ya koti, mwingine nje. Gaudensi alikuwa ameushika ule upande uliobaki, ameukamata kwelikweli, na Hamdani hakujua kama anamvalisha au anamvua.