Ruta Mpya Nalufenya

Fundi Faruk alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama darini. Hamuza alikuwa chini yake, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika simu.

"Fundi, harakisha bwana. Afande ameingia."

"Afande gani?"

"Wa Mbale. Yule nacheza naye ludo."

Faruk akakitoa kichwa darini taratibu. Alikuwa amekuja kutoka Mafubira na vifaa ambavyo kwa kawaida alivifunga hotelini. "Mzee, ruta mpya, antena, waya wote hii... ni ya ludo?"

Hamuza akaona haya. Kwa mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye duka la rangi na misumari, jambo hilo halikuwa zuri likisemwa kwa sauti. Akaeleza upesi upesi kwamba ludo ya simu haina subira. Mtandao ukikwama sekunde kumi, zamu yako inapita, na kete zako zinaliwa huku unatazama. Ndivyo Afande, mtu aliyemjua kwa jina hilo la mchezoni tu, alivyomfunga mara arobaini na moja. Dadu hakuwahi kuilaumu, na akili yake mwenyewe hakuwahi hata kuifikiria.

"Lakini ruta ya zamani ilikuwa sawa tu," Faruk akasema. "Shida mliiweka kabatini, nyuma ya masufuria."

"Mke wangu alisema inaharibu sebule."

Mke mwenyewe, Nulu, hakuwapo kujitetea. Siku kumi na mbili zilizopita Hamuza alijitia ufundi, akatoboa ukuta ili apitishe waya, na drili ikatokea upande wa pili, ndani ya kabati, katikati ya chupa za chai za Nulu. Nulu hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, Mbale, na sasa kurudi kwake kulikuwa mikononi mwa mama huyo.

Hajati Nambozo alikuwa mjane wa sajini. Aliishi kambini miaka ishirini, na alipotoka alitoka na amri zake zote. Hamuza alimwogopa kwelikweli. Kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimjua kwa sauti tu, ikitoka nyuma ya pazia, na hata hiyo ilitosha kumtoa jasho.

Jumatano alimtuma kaka yake Siraj, akasimame uani kwa Hajati na kusema kwamba Hamuza ameacha ludo kabisa. Hajati akajibu kuwa ataamua Jumapili. Akisikia ni uongo, Nulu harudi.

Na leo ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Wallahi, Hamuza alikusudia kuacha. Ila aliona ni aibu mwanamume mzima kuacha akiwa amefungwa mara arobaini na moja. Angeshinda mara moja tu, halafu aache kwa heshima zake. Hoja hiyo aliipenda sana, labda kwa sababu hakuwapo mtu wa kuipinga.

Faruk akashuka, akabonyeza hapa na pale, taa za ruta zikawaka kijani zote. Alipoondoka, Hamuza alijitupa kochini akaandika: "Afande, leo utalia."

Jibu likaja papo hapo. "Wewe naongea mingi. Cheza mbio. Mukubwa iko karibu."

Huyo mkubwa ndiye aliyewaharibia raha. Wiki mbili nyuma walikuwa wakicheza asubuhi hadi adhuhuri. Siku hizi Afande aliingia kwa kuiba dakika, akilalamika kwamba ameletewa mkubwa mpya anayechungulia simu yake. Hamuza, ambaye kambi ya jeshi aliijua kwa lango la nje tu, alimhurumia kama askari mwenzake.

Wakaanza. Hamuza akapata sita. Akapata sita tena. Mtandao haukukwama hata mara moja. Kete moja ya Afande aliila ikiwa imebakisha hatua mbili kufika nyumbani, akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha kete yake ya mwisho ikaingia, na simu ikapiga vigelegele.

Alikuwa ameshinda! Akaruka juu, goti likaalika, akakaa tena.

Lakini ushindi wa kimya haukumtosha. Kwa ruta ya zamani sauti zilifika vipande vipande, ndiyo maana siku zote waliandikiana tu. Leo akabonyeza kitufe cha maikrofoni.

"Washa sauti, Afande! Nataka kusikia mwanamume akikubali! Mimi Hamuza! Hamuza wa rangi, Nalufenya, Jinja! Sema, Hamuza, umenishinda!"

Upande wa pili mtu akakohoa, safi kabisa, bila mkwaruzo, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Kabla hajafikiri lolote, Hamuza alikuwa ameshateremka kochini, amepiga magoti, uso ameugeuzia ukutani.

"Mkwe," ikanong'ona sauti ya Hajati Nambozo, "kesho njoo mapema uchukue mke wako. Tangu Nulu amekuja, mimi nacheza kwa choo tu."