Mtani wa Editha

"Kwa mamlaka niliyopewa na watani wote wa taifa hili," alitangaza Luhaga, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya jeneza, "natamka kwamba marehemu Editha alikuwa winga mbovu kuliko wote waliowahi kucheza Ligi Kuu ya Wanawake!"

Kisha akarudi nyuma kwa adabu zote na kukalia sufuria ya maharage.

Msiba mzima ukacheka.

Luhaga alikuwa kijana wa kidato cha nne katika shule moja ya bweni Kilosa mjini. Alikuwa amefika kijijini Zombo asubuhi hiyo kwa bodaboda, jezi ya Nyumbu Queens ya Mikumi, timu ya marehemu, ikiwa juu ya sare ya shule. Alijitambulisha uani: Msukuma, mtani, amekuja kazini. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Wafiwa wana mkeka wao, wageni wana viti vyao, lakini mtani huenda anakotaka. Na Luhaga alitaka kitu kimoja tu: kuwa karibu na jeneza lile mpaka mwisho.

Nafasi hiyo aliilipia kwa matusi.

"Mnaikumbuka mechi ya kwanza ya msimu?" aliuliza. "Timu imepanda daraja, Mikumi nzima imefunga maduka. Huyu hapa yuko yeye na goli, kipa ameshalala chini. Anapiga! Mpira ukaenda mpaka Munisagara, ukapanda treni."

"Ukashukia Dodoma!" alidakia beki mmoja. Wachezaji wenzake walikuwa wamejipanga ukutani, macho mekundu.

"Mwonee huruma," alisema Kocha Joha. "Si ndiye aliyetufungia lile bao la Mbeya?"

"Kwa goti, Kocha! Alikuwa anaanguka!"

Kocha akacheka, kisha akajifunika uso kwa khanga. Ni kweli lilikuwa goti. Bila goti lile Nyumbu Queens wangekuwa wameshashuka daraja. Editha alirudi kutoka safari hiyo akitetemeka, akasema ni uchovu wa basi. Walipomfikisha hospitali, malaria ilikuwa imeshampanda kichwani.

"Halafu wewe nakujua," Kocha aliendelea, akifuta macho. "Si wewe uliyekuwa unakaa nyuma ya goli kila likizo, unamzomea? Mechi ikiisha anakupa soda yake!"

"Ilikuwa rushwa, Kocha, ili ninyamaze. Nilikunywa na sikunyamaza."

Wakacheka tena. Luhaga akagonga jeneza kwa vidole.

"Jumapili ni mechi ya mwisho, tukifungwa tunashuka, na huyu ameona akimbie. Amka, mwoga! Nani atapiga kona?"

Akatega sikio. Akasubiri kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa mzaha.

Katarina, mama wa marehemu, hakuwa ametoa sauti tangu mwili ulipofika. Sasa alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi, kikageuka kilio. "Afadhali," walisema wanawake waliomshika, "afadhali amelia." Alipotulia hakumwondolea macho yule kijana. Alimtazama masikio, akamtazama mikono, akarudi kwenye masikio. Damiano, baba wa marehemu, hakucheka hata mara moja. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Mchana akafika Mzee Malimi, mfugaji wa ng'ambo ya mto, mtani wa siku zote katika misiba ya Zombo, akakuta kazi yake imeshachukuliwa.

"Shikamoo, babu," alisema Luhaga.

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Kwa Ngolo."

"Ngolo yupi?"

"Yule mwenye ng'ombe wengi."

"Mjukuu wangu, hakuna Ngolo asiye na ng'ombe wengi."

Mzee akamwongelesha kwa Kisukuma. Luhaga akapaliwa na mate, akakohoa sana.

"Bwenini tunachapwa tukiongea kilugha, babu," alisema hatimaye. "Nimesahau chote."

Mzee Malimi alitikisa kichwa, akamwachia kazi yake.

Makaburini, kabla padri hajafungua kitabu, Luhaga aliruka ndani ya kaburi, akalala chali. Hiyo nayo ni haki ya mtani. Watu wakasogea wafurahi.

"Limejaa!" alipiga kelele kutoka chini. "Mrudisheni Mikumi, ana mechi!"

"Toka bwana, padri anasubiri," walisema wanaume walioshika kamba, wakicheka.

"Sitoki."

"Kijana, toka basi."

"Sitoki."

Wachache walicheka.

"Toka."

Jezi ilikuwa imevutwa juu mpaka ikamfunika uso, na kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyemaliza dakika tisini. Kocha Joha akaacha kutabasamu. Kisha wote wakaacha.

Mzee Malimi akaegemea fimbo yake, akachungulia.

"Mtani halii," alisema kwa upole. "Nakuuliza tena, na usiniletee habari za ng'ombe. Wewe ni mtoto wa nani?"

Damiano akageuka kuondoka. Katarina akamshika mkono wa shati, akamvuta mpaka ukingoni.

"Ngoja," alimwambia. "Msikilize."

Nikaitoa jezi usoni. Uongo wote ulikuwa umeniishia.

"Sina utani na Editha," nikasema. "Na siitwi Luhaga. Naitwa Ditram. Ditram Damiano, wa Mikumi."